Viazi vya Timboroa, Chumvi ya Lamu

Asubuhi niliyoondoka Timboroa ukungu ulikuwa umeshuka hadi juu ya mabati, na akina mama wanaouza viazi kando ya barabara ya Nakuru na Eldoret walikuwa wamejifunika mablanketi, wakiota moto wa debe. Mama alinifungia viazi kwenye mfuko, akaukaza kwa kamba ya katani, akasema mtu haendi ugenini mikono mitupu. Nikamwambia Lamu ni mbali na huko kuna samaki. "Samaki na viazi havigombani," akanijibu, na mfuko ukapakiwa.

Baba alinipa agizo moja tu. Amesikia redioni kwa miaka mingi kwamba reli mpya itaanzia Lamu, ipande hadi Isiolo, ivuke hata kwenda Ethiopia na Sudan Kusini. "Ukifika," akasema, "angalia kama wameanza kutandika."

Swali hilo lilikuwa zito kwake. Timboroa ni mtoto wa reli. Njia ya kutoka Nakuru ilipopandishwa milimani kuelekea Eldoret, ambako treni ilifika mwaka 1924, ilibidi ivuke kilele cha futi 9,136 juu ya usawa wa bahari. Karibu na hapo ndipo ilipojengwa stesheni yetu, kwenye futi 9,001, na sisi tuliozaliwa pale tunaikariri namba hiyo kama wengine wanavyokariri jina la babu yao. Baba alifanya kazi stesheni ujana wake wote, akibadilisha njia za treni na kuinua taa ya kijani gizani. Anasimulia jinsi mji mzima ulivyoisikia treni ya abiria nusu saa kabla ya kuiona, ikihema mlimani, na jinsi wanawake walivyokimbia na karoti, mahindi ya kuchemsha na birika za chai ili wawahi madirisha. Kisha treni ya abiria ikakoma. Siku hizi hupita ya mizigo, moja moja, haina la kutuambia. Tangu hapo mji wetu umekuwa kama mtu aliyevaa nguo za safari akakaa kitako kungojea.

Kwa hiyo nilishuka pwani nikiwa na viazi mkononi na swali la mzee moyoni.

Mashua ilitupakia Mokowe, upande wa bara, ikapita kando ya mikoko ambayo mizizi yake ilikuwa imesimama majini kama vidole. Upepo ulinipiga midomo, nikaonja chumvi. Kisha mji ukajitokeza, mrefu na mwembamba ukingoni mwa maji: nyumba nyeupe na za rangi ya mchanga zimeshikana mabega, minara ya misikiti, na mbele yake majahazi na mashua zimefungwa pamoja hata hujui kamba ipi ni ya nani. Kwenye gati vijana walipokea mizigo kabla hatujasimama. Punda walikuwa wamejipanga, masikio yamelala, wakingojea saruji.

Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Mtu wa Timboroa hulala akisikiliza malori yakipanda mlima kwa gia nzito hadi alfajiri. Mlio huo ndio mbeleko yetu. Lamu mjini, ndani ya vichochoro, gari halipiti, na nyingi ya njia hizo ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta za pande zote. Nilisikia kikohozi cha jirani, maji yakimwagwa, punda mmoja akilia na mwingine akimjibu kutoka mtaa wa mbali, kisha adhana ikitoka msikiti mmoja, ukadakia wa pili, ukadakia wa tatu. Kulipokucha nilikuwa nimeshajua majirani zangu kwa sauti, bado sijawaona sura.

Nilifikia kwa mama wa rafiki niliyesoma naye. Nyumba yao ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Nilipouliza kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba, mama aliinua kidole juu. Boriti ndiyo inayoamua. Mti wa mkoko hautoi boriti ndefu yenye nguvu ya kubeba dari ya mawe, basi chumba hakiwezi kupita mita mbili na nusu hivi kwa upana. Kwetu tunajenga kwa mbao za msonobari na mabati, na chumba ni kikubwa kadiri ya mfuko wa mwenye nyumba. Hapa mti wa pwani umekaa kwenye kikao cha ujenzi tangu mwanzo na neno lake halipingwi. Ukutani mwa chumba cha ndani kabisa kuna zidaka, safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa chokaa, ambamo zamani waliweka vyombo vya kaure vilivyokuja na merikebu. Sasa kimoja kina Msahafu, kingine kina picha ya mahafali ya rafiki yangu.

Mama huyo hukaanga viazi karai kila jioni mlangoni mwake. Nilipomkabidhi mfuko, aliufungua taratibu, akatoa kiazi kimoja, akakisugua kwa kidole gumba udongo uliokaukia kwenye ganda. "Kumbe vyatoka kwenu! Mimi nikinunua sokoni naambiwa ni vya bara tu." Akataka kujua vinalimwaje. Nikamweleza habari za majembe, za mvua, na za ile baridi kali ambayo usiku mmoja wa anga safi huunguza majani ya shamba zima. Hakuwa amewahi kuona sakitu. Nilitafuta la kufananisha nikakosa, mwisho nikamwambia: ukiamka asubuhi, shamba limekuwa kama mtu amelimwagia chumvi. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama shamba hilo ni la ndugu yake.

Jioni ile viazi vya Timboroa vilichemshwa, vikachovywa kwenye uji wa unga wa ngano wenye bizari, vikatumbukizwa kwenye karai la mafuta. Vilitoka na ngozi ya manjano, nyufa nyufa, vikaliwa na chatini ya ukwaju. Watoto walipanga foleni na sarafu zao. Nimekula viazi maisha yangu yote, vya kuchemsha, vya kuchoma jivuni, vya kupondwa na mahindi na majani ya maboga; lakini nilisimama pale nikila kimoja baada ya kingine kana kwamba ndiyo kwanza ninatambulishwa.

Barabara kuu ya mji huitwa Usita wa Mui. Mui ni mji. Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, huiacha sauti ya j iende zake, na maji yakawa mai. Siku ya pili nilikuwa nikipita hapo nikasikia sauti kutoka barazani: "Ndoo, mwanangu." Kwetu ndoo ni chombo cha kuchotea maji, nikageuka kutafuta kisima. Ilikuwa ni wito: njoo. Aliyeniita ni mzee wa miaka sabini na kitu, miwani imeshuka puani, ana kitambaa cheupe mapajani na sindano mkononi. Alikuwa akishona kofia ya vito.

Nilikaa naye siku hiyo, na siku tatu zilizofuata nikarudi. Kofia hiyo hushonwa na wanaume, na mkononi mwake niliona kwa nini haina haraka. Nguo huwa mbili, zimelazwa moja juu ya nyingine, na nakshi imechorwa kwa kalamu ya risasi. Hutoboa kitundu kidogo kuliko punje ya mtama, kisha huzungusha uzi ukingoni mwa kitundu, mshono kwa mshono, mpaka kikakazika kikawa jicho. Halafu kingine. Na kingine. Kwa mamia. Upepo hupita humo, kichwa kisipate joto. Kofia moja humchukua wiki nyingi, na anaposhona mdomo wake uko huru, kwa hiyo hadithi haikatiki. Vijana wawili walikuwa wamekaa pembeni yake, mmoja ana simu, mwingine ana kofia yake mwenyewe isiyofika nusu. Mtoto akipita hupokea mkono wa mzee na kuubusu. Nikakumbuka nyanya yangu alivyotusimulia kwamba zamani kwetu mtoto aliinamisha kichwa ili mkubwa akiguse. Siku hizi tunapungiana tu.

"Waonaye mui wetu?" akaniuliza mzee. Nikamwambia unanishangaza, kwa kuwa nilidhani bandari lazima iwe na makelele. Akacheka kidogo, akanirudishia swali: kwani makelele yalikwenda wapi? Kisha akanipa historia, akishona.

Upepo ndio uliojenga Lamu. Kaskazi ilipovuma, kuanzia miezi ya Novemba na Desemba, majahazi yalikuja kutoka Uarabuni, Ghuba na India na tende, mazulia, vyombo vya shaba na kaure. Kusi ilipoanza kuvuma, yakarudi na boriti, pembe za ndovu, ngozi, ufuta na nafaka. Katikati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa mjini miezi, wakioa, wakiswali, wakijifunza lugha. Msikiti wa Pwani, ulio nyuma ya ngome, huhesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1370.

Mji ulikuwa na maadui wake. Karibu mwaka 1812, jeshi la kisiwa cha Pate likisaidiwa na Mazrui wa Mombasa lilishuka Shela, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu ufuoni, kuja kuitwaa Lamu. Waamu wakawakabili mchangani. Wavamizi walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa nchi kavu. Mzee alipofika hapo alisimamisha sindano. Alisema ushindi ule uliwatisha washindi wenyewe, wakaogopa kisasi, wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Ngome kubwa iliyo katikati ya mji, iliyoanza kujengwa 1813 na kukamilika 1821, ilimalizwa chini ya mkono wake. Ndivyo mji ulivyojitetea siku moja ukampata bwana wa miaka mingi. Baadaye serikali ya kikoloni iliigeuza ngome gereza, na ikabaki gereza hadi miaka ya themanini. Leo watoto husoma vitabu humo ndani, na uwanja ulio mbele yake chini ya miti ndio sebule ya mji.

Karne ya kumi na tisa ilikuwa ya neema, lakini neema hiyo ilikuwa na watu chini yake. Mashamba ya bara yaliyolisha majahazi yalilimwa na watumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Mzee hakulifumba hilo. Alinipeleka kwa miguu hadi Langoni, upande wa kusini wa mji, kwenye Msikiti wa Riyadha. Hapo ndipo alipofundisha Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, mwishoni mwa karne ile. Watu wakubwa wa mji walikuwa na elimu yao na misikiti yao; yeye aliketi na waliotoka utumwani na wageni maskini, akawasomesha, na akaruhusu matari yapigwe katika kumsifu Mtume, jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa. Alifariki katikati ya miaka ya thelathini ya karne ya ishirini. Leo Maulidi ya Lamu huleta watu kutoka pwani nzima na ng'ambo, na wajukuu wa aliowaudhi husimama mstari mmoja na wajukuu wa aliowafundisha, wakiyumba kwa mdundo mmoja.

"Na makelele?" nikamkumbusha tuliporudi.

"Makelele mliyachukua nyinyi," akasema, bila chuki. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Meli kubwa ziliifuata reli. Aliye na shehena ya bara hakuwa na sababu tena ya kupita Lamu. Wafanyabiashara wakahamia Mombasa mmoja mmoja. Boriti ziliendelea kwenda Ghuba hadi serikali ilipozuia usafirishaji wake nje ya nchi mwaka 1982. Mji ukanyamaza.

Nilikaa kimya muda mrefu. Tangu utotoni nimejua kwamba reli ilituzaa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ilipokuwa ikituzaa sisi, kulikuwa na mji mwingine mbali kule mashariki uliokuwa ukinyang'anywa pumzi. Nilimweleza mzee habari za stesheni yetu, za treni iliyokoma, za baba. Akaacha kushona kabisa. "Basi sisi ni ndugu," akasema. "Imetupitia sote."

Lakini ndugu hawa hawakufanana, na hilo ndilo lililonikosesha raha siku zote nilizobaki. Meli zilipoiacha Lamu, watu waliendelea kukaa barazani. Waliendelea kuchonga milango, kutunga tenzi, kushona kofia, kusomesha watoto, kuunda vyombo kule Matondoni, kupika mkate wa mofa na kuupeleka kwa jirani ukiwa wa moto. Yote hayo yalikuwa yameanza kwa ajili ya watu wenyewe, meli ziwepo zisiwepo. UNESCO iliuandika mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na walioutazama walisifu mawe. Mimi nadhani mawe yalisalia kwa sababu palikuwa na mtu wa kuyakalia. Sisi Timboroa tulipanga soko letu, saa zetu na hata mapenzi yetu kwa ratiba ya treni. Ilipokoma, hatukuwa na pahali pa kuketi pamoja zaidi ya jukwaa la stesheni.

Sitaki kuupamba mji wa watu. Lamu ina maumivu yake. Nyumba nyingi za zamani zimeuzwa kwa wageni, hasa Shela, na kijana wa hapo hana uwezo wa kununua ukuta aliokuwa akiuegemea babu yake. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, upande wa bara, ya Juni 2014, amri ya kutotoka nje usiku iliwafungia wavuvi bahari kwa miaka, na mvuvi wa nyavu za usiku asiyetoka usiku hana kazi. Nasi tunajua kilio hicho kwa namna yetu, kwani mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tuliona majirani wa miaka arobaini wakipita na magodoro kichwani, wakikimbiana. Mzee wa kofia alipouliza habari za mwaka ule sikupata maneno mengi. Alinisogezea kikombe cha kahawa chungu na kipande cha halua, akangoja.

Siku yangu ya mwisho nahodha mmoja alikubali kunichukua kwenye mashua yake alipokuwa akienda Pate. Tuliondoka maji yakijaa, maana Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika yakiwa yamejaa. Yakitoka, chombo hukaa matopeni. Mikoko ilitubana pande zote mbili, korongo weupe wamesimama mguu mmoja. Tulipotoka Mkanda ghuba ikafunguka, na upande wa kushoto nikaona kitu ambacho macho yangu yalikataa kukilinganisha na chochote nilichoona siku hizo: ukuta wa zege ulionyooka kama rula, na kreni zimesimama juu yake.

Ni Bandari mpya ya Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mpango wote ni wa magati 32. Nahodha alizima mashine tukaelea. Alinionyesha kwa kidole sehemu ambazo baba yake alikuwa akitega madema, ambazo sasa ni njia ya meli, zimechimbwa, na maji yake yalikuwa yakichafuka wakati wa kuchimba hadi samaki wakahama. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Watu wa hapa walishinda pia shauri la kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe karibu, leseni yake ilipofutwa mwaka 2019. Nahodha aliyasema hayo kwa fahari tulivu, kama mtu anayesimulia vita vya Shela.

Nikamuuliza kama anaichukia bandari. Alifikiri. Kijana wake wa pili amepata kibarua humo ndani, akasema, na anamletea mamake mshahara. Anachokihofia hakiko kwenye zege. "Kijana akishuka kwenye chombo leo, hajui tena kusoma maji. Mimi nikifa, Mkanda huu utapitwa na nani?" Akatia mkono baharini, akautoa, akaniwekea matone kiganjani nionje. Alisema mahali pale panapokutana maji ya mikoko na maji ya bahari kuu chumvi hubadilika, na mtu aliyezoea hujua alipo hata usiku wa giza. Nilionja. Sikuona tofauti. Yeye aliiona.

Reli sikuiona. Nilitazama pande zote mbili za ghuba, nikamuuliza nahodha, nikamuuliza na mzee wa kofia, kwa ajili ya baba. Barabara ya kwenda bara ipo. Reli bado ni mchoro.

Asubuhi ya kuondoka mama mwenyeji alinikabidhi chupa iliyofungwa kwa nailoni mara tatu: achari ya maembe, pilipili, chumvi ya kutosha, imeanikwa juani juu ya dari yake. "Mpe mamako. Mwambie viazi vyake vimefika." Mzee alikuwa barazani kama kawaida. Kofia ilikuwa imesogea upana wa vidole viwili tangu nilipokutana nayo. Nilimshika mkono, nikauinua, nikaubusu, na hapakuwa na mtu aliyeshangaa.

Nilifika Timboroa usiku wa mvua. Lamu na Timboroa zote ziko karibu na mstari wa ikweta, moja kusini kidogo na nyingine kaskazini kidogo. Tofauti yao ni kimo tu, na kimo hicho kilinitetemesha meno kabla sijafika mlangoni. Mama alichemsha viazi. Tukafungua chupa ya achari mezani, na harufu yake ikajaa jikoni ikauzidi hata moshi wa kuni. Baba alionja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho kwa ukali wake, akaongeza.

Nilimsimulia yote. Mzee na vitundu vya kofia. Boriti. Mashua zilizoachwa mchangani. Nilipofika kwenye habari ya reli ya 1896 na namna ilivyoinyamazisha Lamu, aliweka kijiko chini. Nilidhani ameudhika, maana reli ni maisha yake. Alikuwa anahesabu. Kisha akauliza lile swali lake.

"Wameanza kutandika?"

"Bado, baba. Wanasema itakuja."

Nje lori lilikuwa likipanda mlima. Lilipita, likapotelea upande wa Eldoret, na nyumba ikatulia.

"Ukiwaandikia," akasema, "waambie wale wazee wasiache kukaa barazani wakiingojea."

Akachukua kiazi kingine, akakichovya kwenye achari.